Sumaku Haina Swichi

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika thelathini na moja jioni taa iliyokuwa mbele yangu ilipoanza kugeuka nyeupe. Dakika naijua kwa sababu nilikuwa nimetoka kuitazama saa, nikikadiria dizeli iliyobaki kwenye tangi. Taa ile nilikuwa nimeifunga ukutani karibu na injini ili iwe kipimo changu. Ikiwaka rangi ya ndizi mbivu, mambo ni sawa. Ikififia na kuwa nyekundu, mzigo umezidi na inabidi kuongeza mafuta. Nyeupe nilikuwa nimeiona mara moja tu, siku ya majaribio, tena kwa makusudi. Nilinyoosha mkono nipunguze mafuta. Kabla sijafika, taa ikapasuka, na ng'ambo ya ukuta watu zaidi ya hamsini wakasema "Aaaah!" kwa pamoja, kama wanavyosema timu yao ikikosa penalti.

Hiyo ilikuwa miaka ya mgao wa umeme, Temeke, mitaa ya nyuma ya Tandika. Ruksa ya biashara huria ilikuwa imeingia na makontena ya mitumba yamefuatana nayo, na watu waliokuwa juzi tu wanapanga foleni ya sabuni walikuwa sasa na redio kubwa, feni na televisheni zilizochoka Dubai. Umeme ndio ulikuwa haupo. Tulikuwa na vitu vya kuchomeka lakini hatuna pa kuchomeka.

Mimi nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha nguo kilichokuwa kinapunguza wafanyakazi idara baada ya idara. Jioni nilisoma. Nilinunua vitabu vya umeme vilivyotumika, vile vinavyopangwa chini kwenye maturubai mjini, na nikavisoma kwa utaratibu, ukurasa baada ya ukurasa, sifungui wa pili kabla sijauelewa wa kwanza. Kwa njia hiyo nilifika kwenye jenereta za sumaku ya kudumu, na zikanikaa kichwani kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kusoma.

Jenereta ya kawaida hutengeneza usumaku wake kwa umeme. Unaipa umeme kidogo, inakurudishia mwingi, na ukitaka volti zipungue unaipunguzia kile kidogo. Ya sumaku ya kudumu haiombi chochote. Sumaku ipo, waya wa shaba upo, ukizungusha umeme unatoka. Ni mashine rahisi, na mtu asiye na fedha anaweza kuijenga kwa vitu vya kuokota. Ubaya wake ni mmoja, na kitabu kilikuwa kimeuandika kwa sentensi moja tu: sumaku haina swichi. Haipungui wala hailali. Njia pekee ya kushusha volti ni kuizungusha polepole.

Sentensi hiyo niliisoma. Nataka ieleweke hivyo tangu mwanzo. Niliisoma na nikaielewa.

Sumaku nilizipata Gerezani, kwa mafundi wa redio wanaotupa spika zilizokufa. Spika inakufa karatasi yake tu, sumaku yake haifi. Nilichagua kumi na sita kubwa, zinazolingana. Fundi wa kukereza alinikatia masahani mawili ya chuma, na juu ya kila sahani nikapanga sumaku nane kwa duara, moja ikitazama juu kwa ncha ya kaskazini, inayofuata kwa ncha ya kusini, hivyo hivyo mpaka mzunguko ukatimia. Katikati ya masahani ukakaa ubao wenye koili nane za waya. Ili nisikosee nilikuwa nimeziandika sumaku kwa chaki. Yule fundi aliziangalia, akanitazama.

"Mzee, hii K ni nini?"

"Kaskazini."

"Na hii K?"

"Kusini."

Alicheka mpaka akaishikilia mashine yake. "Sasa hapa utajuaje? Andika dume na jike. Dume na jike wanakumbatiana, dume kwa dume ngumi. Hapo hata mlevi hapotei."

Nilifuta nikaandika upya, D na J. Ilikuwa kweli, nilikuwa nimeshakosea mbili.

Mashine nilimtengenezea jirani yangu. Alikuwa mjane wa Kizaramo, umri wa dada yangu mkubwa, lakini wote mtaani tulimwita mama na kumwamkia shikamoo. Alikuwa muuza vitumbua. Kila siku kabla hakujapambazuka alikuwa ameinamia moto wa kuni barazani, na miaka ya moshi ilikuwa imemla macho. Yalikuwa mekundu wakati wote, yakichuruzika, na daktari alikuwa amemwambia aachane na moto kabla moto haujampofusha. Aliachaje? Hakuwa na kazi nyingine. Alichokuwa nacho ni minazi kumi na minne ng'ambo ya Kigamboni, aliyoachiwa na mama yake. Sisi watu wa bara tunarithi shamba, wao hurithi mti. Aliiuza yote, elfu kumi kila mnazi, akanunua televisheni ya rangi na deki, akaegesha mabati uani, akapanga mabenchi. Kibanda cha video. Angekaa mlangoni akipokea viingilio, mbali na moshi.

Wiki mbili baadaye mgao ukaanza.

Alikuja kwangu mwenyewe. "Fundi, nasikia unatengeneza umeme kwa spika mbovu."

"Najaribu, mama."

"Mie minazi yangu imelala mle ndani imefunikwa khanga. Jaribu haraka, baba."

Mzee mwenye mashine ya kusaga, ambaye ukuta wake ulipakana na uani kwa mjane, alikubali injini yake ya dizeli itumike usiku, baada ya kusaga kwisha, mradi mafuta tununue wenyewe. Mteja wetu wa pili alikuwa kijana mwenye kibanda cha kurekodi kanda, mlango wa pili tu. Yeye alikuwa na amplifaya na maspika manne marefu kama makabati, na peke yake alikula umeme kuliko wengine wote kwa pamoja. Mama alikuwa na televisheni, deki na taa tano.

Hapa ndipo palipo na hesabu yangu. Sumaku za spika si kali, na waya niliotumia ulikuwa mwembamba kuliko ulivyotakiwa, kwa hiyo volti zilishuka sana mzigo ulipokuwa mkubwa. Nilitaka volti mia mbili na ishirini wakati wote wamewasha. Ili kuzipata niliongeza mizunguko ya waya kwenye koili. Zikapatikana. Kisha nikachomoa kila kitu na kupima tena, injini ikienda mwendo uleule. Mita ilisoma mia tatu na ishirini. Ndiyo siku niliyoiona taa nyeupe.

Nilikwenda Kariakoo kutafuta dawa. Palikuwa na duka la vitu vya Dubai lenye stabilaiza ndogo, kile kiboksi cha kulinda televisheni: umeme ukipanda kupita kiasi, kinakata chenyewe. Nilikishika, nikakigeuza, nikasoma kibandiko cha nyuma chote mpaka muuzaji akaniuliza kama najiandaa na mtihani. Niliulizia bei. Mama alikuwa ameshaniambia kikihitajika chochote tena mimi ndiye nikinunue, kwa kuwa yeye hana hata senti. Nikakirudisha kwenye rafu. Nilikuwa na njia isiyo na gharama.

Njia ilikuwa sheria. Nilisimama uani nikawaeleza wote wawili: mimi nitakaa kwenye injini wakati wote. Mtu yeyote akitaka kuzima kitu, apige kelele kwanza, "Nazima!", asubiri nipunguze mafuta na nijibu "Zima!", ndipo azime.

"Hata kibatari, braza?" kijana wa kanda akauliza.

"Kibatari puliza tu."

"Na nikitaka kuzima uchumba?"

"Huo haujawaka," mama akamwambia. "Sikiliza fundi anavyosema."

Walisikiliza. Kwa wiki tatu mambo yalikwenda hivyo. Tulikuwa tunawasha saa mbili usiku, mashine ya unga ikishafungwa na watu wakisharudi kutoka kuswali isha, na tunafunga karibu na saa tano. "Nazima!" "Zima!" Watoto wa mtaa waliugeuza mchezo, wakawa wanaviziana vichochoroni wakipigiana kelele hizo. Mama alianza kulala mpaka jua litoke. Nilimwona asubuhi moja amekaa barazani, mahali palepale pa moto, hafanyi kitu, anatazama watu wakipita. Weupe wa macho ulikuwa umeanza kurudi.

Siku niliyoanza nayo simulizi hii, chekeche la mashine ya unga lilitoboka mchana, kusaga kukasimama, injini ikabaki bure. Mama akaja mbio. Alikuwa amekodi mkanda wa Kihindi ambao Temeke nzima ilikuwa inausubiri.

"Fundi, leo tuwashe saa kumi na moja. Nipige maonyesho mawili. Waliokosa la kwanza waingie la pili."

"Sawa, mama."

Nilijibu bila kufikiri kwa sababu hapakuwa na la kufikiri. Mafuta yalikuwepo, oili ilikuwepo, mkanda wa kuzungushia jenereta nilikuwa nimeukagua. Niliwasha saa kumi na moja na dakika tano. Amplifaya ikaungurumishwa, picha ikaanza, taa yangu ikakaa rangi ya ndizi.

Miaka tisa nilikuwa nimekaa mtaa ule. Miaka tisa, kila jioni, nilikuwa nikisikia adhana ya magharibi kutoka msikitini, na kila jioni mtaa mzima ulikuwa unafanya jambo moja: unazima muziki. Hakuna aliyeamriwa. Muuza kanda, kinyozi, mlevi mwenye redio ya mkononi, mkono unakwenda wenyewe. Hata mimi, Mkristo, mtu wa bara, adhana ikianza nilikuwa nazima redio chumbani kwangu mpaka iishe. Nimezima labda mara elfu mbili. Na katika yote niliyoyapima, kasi, joto, mizunguko, unene wa waya, sikuwahi kukaa nikajiuliza: je, ikiwa mtaa wote utanyoosha mkono kwa dakika moja?

Maana kwa adhana hakuna mtu anayepiga kelele "Nazima!" Huwezi kupiga kelele juu ya adhana.

Mimi sikuisikia. Injini ya dizeli inanguruma, na nilikuwa nimekaa mita moja kutoka nayo. Kijana wa kanda aliisikia, akazima amplifaya. Mzigo mkubwa kuliko yote ukatoka kwa kidole kimoja, na volti zote zilizokuwa zikibebwa na yale makabati manne zikakimbilia kwenye televisheni moja.

Nilipofika uani palikuwa na giza na harufu. Aliyewahi kuunguza kitu cha umeme anaijua harufu ile, haifanani na ya moto wa kuni. Watu walikuwa wanatoka wakilalamika kwamba mgao sasa umehamia mpaka kwenye jenereta. Kijana wa kanda alikuwa amesimama mlangoni pake, mikono kifuani.

"Braza, nini tena?"

"Umezima?"

"Adhana si hiyo." Alinyoosha kidole hewani, na kweli, sauti ilikuwa bado inamalizia. "Ulitaka nisizime?"

Hakuna mtu Temeke ambaye angemwambia asizime.

Mama alikuwa ndani peke yake, amekaa benchi la mbele, anatazama kioo cheusi. Nilifungua televisheni na deki kwa mwanga wa kibatari. Sehemu zote za kuingizia umeme zilikuwa zimeungua, na kwenye televisheni moto ulikuwa umeenda mbali zaidi, mpaka kwenye vipuri ambavyo mjini havikuwa vikipatikana. Nilimwambia hivyo. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa habari aliyokwisha kuipata.

"Niliisikia adhana," akasema. "Nikanyanyuka nizime. Vijana wakanipigia kelele, mama usizime, hapa ndipo penyewe. Nikapunguza sauti tu. Nikarudi kukaa."

"Mama, siyo hiyo."

"Nikapunguza sauti tu, fundi. Nikaona inatosha."

Kesho yake asubuhi nilimwita kwenye injini. Nilikuwa sijalala, na nilikuwa nimeamua kumwonyesha kitu hicho kwa macho yake, hatua kwa hatua, kama kitabu kingemwonyesha. Nilifunga taa moja, nikaweka na pasi ya umeme na jiko la koili vile vile kuwa mzigo. Nikawasha. Taa ikawaka rangi ya ndizi.

"Hii taa ni televisheni yako. Hivi vingine ni yale maspika. Tazama nikivichomoa."

Nilichomoa. Taa ikawa nyeupe, ikapasuka. Alishtuka akajifunika uso kwa khanga.

Nilizima injini ili tusikilizane. Nikamwambia yote. Kwamba mashine hii haina namna ya kujipunguza. Kwamba nilijua. Kwamba kuna kiboksi ambacho kingekata umeme, nilikishika kwa mikono yangu Kariakoo nikakirudisha. Kwamba kosa ni langu, si lake wala si la kijana wa kanda. Nikamwambia nitamlipa kidogo kidogo katika mshahara wangu mpaka ifike thamani ya minazi yake.

Alikaa juu ya gunia la pumba.

"Fundi. Kijana alizima, mali yake ikapona?"

"Ndiyo, mama, kwa sababu ilikuwa imezimwa."

"Na mie sikuzima, yangu ikaungua."

"Kwa sababu ilikuwa imewaka. Volti—"

"Aliyezima kapona, asiyezima kaungua. Ndiyo ulivyonionyesha hapa, au siyo?"

Nilibaki nimeshika waya. Kila alichosema kilikuwa sahihi. Mfano wangu niliokesha nikiutengeneza ulikuwa umethibitisha maneno yake kuliko yangu.

"Wewe una moyo mwema, baba," akasema akinyanyuka. "Unataka kunibebea. Lakini huu si mzigo wako. Ukinilipa wewe, mie nitakuwa nimelipa nini?"

Mwisho wa mwezi nilimpelekea bahasha. Aliirudisha na mtoto. Mwezi uliofuata nilikwenda mwenyewe na shikamoo zangu, akaniitikia vizuri, akanikaribisha chai, na nilipoitoa bahasha akaanza kunizungumzia habari ya mvua. Mara ya tatu sikwenda. Hilo nalo nalihesabu, kwamba mara ya tatu sikwenda.

Jenereta niliivunja. Sumaku nilizitenganisha kwa nguvu, moja baada ya nyingine, dume kutoka kwa jike, nikabanwa kidole gumba mpaka ukucha ukatoka. Nilikuwa na haja ya kubanwa na kitu. Kibanda cha video mama alikigeuza banda la kuni.

Nikarudi kuuona ule moshi. Dirisha langu lilitazama baraza yake, na kabla hakujapambazuka mwanga wa moto ulikuwa unacheza kwenye dari yangu. Nilinunua vitumbua kwake kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na kazi ilipokwisha niliendelea kununua. Nilikuwa nikilipia vinne. Alikuwa akinifungia vitano.

"Mama, umezidisha."

"Hicho chako. Wewe ndiye uliyenipa zile wiki tatu za kulala."

Nilikila kila siku. Ningekirudisha vipi?

Mwaka ukapita, ikapita mingine, umeme ukawa wa kuaminika kidogo, vibanda vya video vikajaa kila kona ya Temeke, wakawa matajiri watu waliokuwa na televisheni mbovu kuliko yake. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeingia ukungu. Alikuwa akigeuza vitumbua kwa kusikia, sikio limeelekea kwenye kaango, akijua kwa mlio wa mafuta kipi kimeiva.

Asubuhi moja nilikuwa nimesimama nikisubiri vyangu. Hatukuwa tumeitaja siku ile kwa muda mrefu sana. Hakuinua uso.

"Kile kiboksi," akasema.

"Kipi, mama?"

"Ulichosema kingekata umeme. Kingekata kweli, hata kama mie sikuzima?"

"Kingekata kweli."

Aligeuza kitumbua kimoja, akagusa kingine, akakiacha.

"Kilikuwa bei ya minazi mingapi?"

Mafuta yaliendelea kulia kwenye kaango.

"Nakuuliza, baba. Mitano? Mitatu?"

"Hata mmoja hakifiki, mama," nikasema. "Kilikuwa shilingi elfu nane na mia tano."